Barua kwa mwanangu: rudi ukapimwe

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Sisi hapa Kisauni hatujambo, na babako kifua kimepoa tangu mvua zikatike. Nimekuandikia makusudi badala ya kukupigia. Kwenye simu utaniambia "sawa Mama, sawa Mama" huku watu wakikuita, nami nikate nikiwa nimefurahi bure.

Dadako ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi. Ameniambia walikuja watu wa afya hapo kazini kwenu wakakufunga mkanda wa kupima presha, ikatoka 148 juu na 96 chini, wakakwambia urudi wiki ya pili upimwe tena. Hiyo wiki ya pili imepita zamani. Umerudi? Mtoto wa muuguzi wewe, na presha yako naisikia kwa mtu mwingine.

Nasikia umemwambia ni uchovu, na kwamba wewe si mnene, suruali zako za chuoni bado zakutosha. Miaka niliyokuwa muuguzi hospitali ya Makadara nimewafunga mkanda watu wembamba kama ufito, wakatoka 160, 170, wakabaki wananitazama kana kwamba mashine imewasingizia. Presha haingoji kitambi. Na haiumi. Mtu hulala nayo, huenda nayo kazini, huoa nayo, mpaka siku mdomo unapopinda upande mmoja ndipo nyumba nzima inakimbia kutafuta gari. Wizara ya Afya ilipopima watu nchi nzima 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa nayo, na wengi maishani mwao hawakuwahi kufungwa mkanda hata mara moja. Wewe umefungwa, umeambiwa, umekaa.

Kipimo kimoja si ugonjwa, hilo nalijua kuliko wewe. Huenda kweli ulikuwa umechoka, huenda ulipanda ngazi mbio, huenda ulikuwa umetoka kunywa kahawa. Ndiyo maana wanataka upimwe siku nyingine, na siku nyingine tena. Hutajua kwa kukisia. Bibi yako mzaa babako aliondoka na kiharusi, na kwa upande wangu mjomba wako unamwona alivyo. Wewe umerithi pande zote mbili, baba.

Sasa niambie kweli, unakula nini huko? Dadako alipolala kwako mwezi wa nane alifungua friji akakuta maji, limau moja lililokauka, na mlango mzima umejaa vile vipakiti vya tomato sosi na pilipili vinavyokuja bure na chipsi. Mlango mzima. Mtu havikusanyi vile kwa wiki moja. Sufuria nilizokupa, ile kubwa bado ina karatasi ya dukani ndani. Hilo liliniuma, sikufichi.

Kaa uifikirie hiyo kuku na chipsi unayoletewa na mtu wa boda usiku. Kuku hulazwa kwanza kwenye viungo vyenye chumvi ili iingie mpaka mfupani. Kisha anazungushwa kwenye unga, nao una chumvi. Chipsi zikitoka kwenye mafuta zinarushiwa chumvi zikiwa bado zamoto ili ishike. Halafu wewe unapasua vipakiti vyako juu yake, na hiyo tomato sosi ina chumvi na sukari pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni jumla ya yote, pamoja na iliyo kwenye mkate na kwenye mchuzi. Sahani yako moja ya usiku yaweza kumaliza nusu ya kijiko hicho, au ikapita. Na mchana hukukaa bure, mchana ulikula soseji mbili za smoki na soda.

Chumvi huvuta maji mwilini. Damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ileile, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na kuta za mishipa zinakakamaa kidogo kidogo. Moyo ni msuli, ukifanyishwa kazi nzito kila siku ukuta wake unanenepa, na huo si unene wa heri. Figo ndizo zinazonitisha zaidi, kwa sababu vishipa vyake ni vyembamba mno na havilalamiki. Zinaharibika kimya kimya, ukija kuona miguu imevimba umeshachelewa sana.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjomba wako kwenye dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu binti yake alikuwa na mtihani. Hukumwona tangu watie ule mshipa wa mkononi. Walimfanyia upasuaji wakaunganisha mshipa wa damu unaotoka moyoni na ule unaorudi, sasa umevimba chini ya ngozi, na ukiweka kidole unasikia unatetema, mchana na usiku hautulii. Huko ndiko zinakoingia sindano mbili, nene. Analala kwenye kiti kwa muda wa saa nne, mara mbili kwa wiki, anapimwa uzito akiingia na akitoka ili wajue maji kiasi gani yametolewa. Tukirudi na tuktuk tulipita kwa muuza madafu pale njia panda, akageuza uso. Dafu haruhusiwi tena, lina potasiamu nyingi na figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu husimamisha moyo. Ndizi vilevile. Maji ya kunywa yenyewe anapimiwa kwa kikombe. Mtu wa Mombasa, wa makamo ya mjomba wako, apite dafu kama hakuliona. Naye alianza na presha aliyoambiwa akiwa kijana, akasema ni uchovu.

Basi rudi ukapimwe.

Najua utanijibu. Utaniuliza, na hapo nyumbani je, si mlikuwa mkitupa viazi karai, bhajia, kaimati, mishkaki ya barabarani? Tuliwapa, na Ramadhani hii mkija mtapata. Lakini mlikuwa mmekula mchana wali na mchicha na samaki, na asubuhi mbaazi, na mlikuwa mkikimbia kutwa uwanjani. Viazi karai vilikuwa kitu cha jioni cha kutafuna na ukwaju. Kwako wewe hicho kitu cha kutafuna ndicho kimekuwa chakula chenyewe, asubuhi na usiku, na mchana kutwa umekaa mbele ya kompyuta. Mboga je? Tunda la mwisho ulikula lini? Na choo wapata vizuri? Usione haya, ni mamako anayekuuliza. Mkate mweupe, kuku na chipsi havina nyuzinyuzi za maana, na dadako ameniambia pia kuhusu hizo dawa za tumbo ulizo nazo mezani.

Soda nayo. Chupa ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Chai yako hapa nyumbani ukitiwa vijiko vitatu unasema ni tamu mno. Hao hao wa Shirika la Afya wanataka sukari ya kuongezwa isizidi hizo gramu 50 kwa siku nzima, na bora iwe nusu yake. Sukari ya namna hiyo ikizidi, ini huigeuza mafuta na kuyahifadhi humo humo, na mtu akaambiwa ana ini la mafuta ilhali pombe hajawahi kuionja. Hilo nalo halingoji kitambi.

Na usinitajie umri. Marekani waliwafuata vijana zaidi ya 3,000 wa miaka 18 hadi 30 kwa miaka 15, wakachapisha matokeo 2005. Waliokuwa wakila kwenye maduka hayo ya chakula cha haraka zaidi ya mara mbili kwa wiki waliongezeka kilo 4.5 zaidi ya wale waliokwenda chini ya mara moja, na miili yao ilizidi kuwa sugu kwa insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, mara mbili ya wenzao. Huo ndio mlango wa kisukari. Zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwanangu, si kila usiku.

Babako ananiambia nakuonea. Anasema unatoka kazini saa nne za usiku, jiko liko mbali na moyo wa mtu aliyechoka, na duka la chipsi ndilo lililo wazi. Nalijua hilo, nami nimefanya zamu za usiku. Na anawaambia wote pale barazani kwamba nduguyo anasoma kwa jasho lako, na kweli anasoma kwa jasho lako, karo ya muhula huu imefika na mwalimu ameitia sahihi. Mungu akuzidishie. Lakini nikikuangalia, pesa za karo zimekupita mkononi zikafika kwa mwenzio salama, na wewe mwenyewe unajilisha kama mtu asiye na mwenyewe. Sikukulea hivyo.

Sitaki ule kama mgonjwa. Ijumaa ukiwa na wenzako, kula chipsi zako, ila waambie wasitie chumvi, utie mwenyewe, na unywe maji. Siku nyingine, chemsha maharagwe au mbaazi Jumapili sufuria nzima, ile kubwa yenye karatasi, ugawe kwenye vikopo utie kwenye friji, huko juu kwenye barafu. Ukifika usiku unapasha na kitunguu na nyanya, mambo ya dakika kumi. Sukuma wiki usiikatekate na kuichemsha mpaka ikafa. Ndizi mbili kwenye begi, mchana hutatamani smoki. Chumvi ipunguze kidogo kidogo, mdomo utanung'unika wiki chache kisha utazoea, na ndimu na pilipili manga vitakusaidia. Mimi mwenyewe kwenye mchuzi sasa natia nazi moja pale nilipokuwa natia mbili, na babako hajajua.

Na haichukui mwaka kuona tofauti. 1997 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio lao, waliwapa watu mboga na matunda kwa wingi, nafaka, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na presha ikashuka ndani ya wiki mbili, bila dawa na bila kupungua uzito. Baadaye wakarudia wakapunguza na chumvi, ikashuka zaidi. Kwa hiyo nakuomba wiki mbili tu za mwanzo. Lakini kwanza upimwe, tujue tunaanzia wapi. Na usiende kwenye duka la dawa ukanunua vidonge vya presha kwa kusikia kwa rafiki, wala usinywe maji ya vitunguu saumu ukaniambia umepona.

Nimekutumia mashine yangu ndogo ya presha, mimi nitatumia ya jirani. Kabla ya kupima kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini, usikunje nne. Mkono uwe mezani usawa wa moyo. Usiongee. Usipime umetoka kunywa kahawa. Asubuhi mara mbili, usiku mara mbili, kwa siku saba, na uandike zote, hata zile zisizokupendeza. Hiyo karatasi ndiyo umpelekee daktari. Kupima nyumbani hakukuondolei kwenda.

Hapa maji ya mfereji yametukatikia tena, twanunua mitungi kwa mkokoteni na bei imepanda. Ya kisimani yamezidi kuwa ya chumvi, hayafai hata kufulia leso nzuri. Fundi ametazama bati la jikoni, anasema kipande cha upande wa choo kibadilishwe chote, usitume pesa bado, babako anataka kusikia fundi wa pili. Binti wa jirani anaolewa baada ya Idi, mamake ameuliza kama utakuwepo, nimemwambia nitakuuliza. Nduguyo anataka viatu vya mpira, mwambie angoje.

Mzigo umeondoka Mwembe Tayari kwa basi la usiku, jina lako limeandikwa kwa kalamu nyekundu, nenda na kitambulisho. Mna mbaazi kilo mbili, ukwaju, bizari, hiliki kidogo, mahamri ya siku mbili tatu, na nazi nne, zitikise moja moja kabla hujazipasua. Samaki ng'onda sikukutia safari hii, chumvi yake waijua. Achari ya embe pia haimo. Usinune. Mashine iko katikati, imezungushiwa leso, betri nimezitoa zisivuje, ziko kwenye soksi. Namba ya juu na ya chini, zote mbili, nitumie Jumamosi kabla ya adhuhuri, dadako atanisomea nikiwa sina miwani.

Wasalaam,
Mamako