Upo? Salamu za Krismasi kutoka Dodoma

Mbukwenyi wapendwa, kama tusalimianavyo Wagogo! Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi mnaosalimiana kwa "Tumsifu Yesu Kristo": milele na milele, amina.

Krismasi ya huku kwetu inatukuta shambani. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi karibu Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akiingia ibada ya tarehe 25 na udongo kwenye viatu hatumshangai, ametoka kupanda. Wengine wameshapanda kwenye vumbi kavu, mbegu zimelala chini, na kila jioni wanatoka nje kutazama wingu. Ninaupenda msimu huu tangu utoto. Mwana wa Mungu anazaliwa huku sisi tukiwa tunangoja, na kungoja tunakujua.

Bibi yangu, upande wa Mvumi, alilima uwele na mtama. Masuke yakianza kukomaa, sisi wajukuu tulipelekwa kuamia ndege. Kwelea wakishuka kwa wingi humaliza jasho la mwaka mzima kwa siku chache. Nilikwea dungu, lile jukwaa la kuamia ndege, tangu alfajiri, na bati langu la kugonga. Kila baada ya muda bibi, akichuma mlenda ng'ambo ya shamba, alipaza sauti: "Upo?" Nami niliitika: "Nipo!" Siku moja sikuitika. Mwili ulikuwa juu ya dungu, mawazo yalikuwa korongoni kwa wenzangu waliokuwa wanacheza mchangani. Nilipozinduka, upande mzima wa shamba ulikuwa unatikisika kwa ndege. Bibi hakunichapa. Aliniambia ndege watakuja tu, hakuna mtoto anayeweza kuwazuia wasije. Kazi niliyopewa ni kuwepo.

Nimeikumbuka sauti ile Majilio yote haya, majuma ya kungoja Krismasi. Mathayo anasema jina lake ni Emanueli, yaani, Mungu pamoja nasi. Yeye yupo. Wasiwasi wangu ni juu yetu. Mji wetu umekua haraka tangu Serikali ilipohamia, shughuli zimeongezeka, simu hazitulii, na hata kanisani spika zimekuwa kubwa kuliko jengo. Mwaka jana, usiku wa mkesha, nilikaa karibu na mama yangu nikituma salamu za Krismasi kwa watu wengi kiasi kwamba aliponiuliza jambo mara ya tatu ndipo niliposikia. Alitaka tu kujua kama naukumbuka wimbo aliokuwa akituimbia. Niliumia sana. Nilikuwa nawatakia watu wa mbali uwepo wa Mungu, na mimi mwenyewe sikuwepo kwa mzazi wangu aliyekaa mkono mmoja kutoka kwangu.

Tangu hapo nimejifunza sala ya kimya. Kabla jua halijachomoza ninatoa kigoda, ninakaa chini ya mwarobaini uani, mgongo wima, mikono mapajani. Ninavuta pumzi taratibu nikisema moyoni, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", ninaishusha nikisema, "unihurumie mimi mwenye dhambi." Basi. Dakika kumi, siku nyingine ishirini. Mawazo yanakuja: ada ya shule, bei ya mbegu, neno alilonijibu fulani juzi. Zamani nilipigana nayo na kutoka pale nimechoka kuliko nilivyokaa. Sasa nikigundua kwamba nimeshuka dungu, ninapanda tena. Ninarudi kwenye lile Jina, bila kujilaumu, hata ikiwa mara hamsini. Zipo asubuhi ambazo sihisi chochote kabisa, na nimeacha kuzihesabu kuwa zimepotea.

Baadhi ya wapendwa wameniuliza, kwa upendo, kama jambo hili halijatoka dini nyingine. Swali ni la haki. Ni kweli kuna mazoezi ya utulivu yanayofundishwa hospitalini. Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, akiyachota kwenye tafakari ya Kibudha na kuyaondolea sura ya dini ili yawasaidie wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Sina neno baya juu yake. Mtu anayefundishwa kuvuta pumzi na kutulia amefundishwa jambo jema. Ila mimi nikikaa pale uani sikai kuitazama pumzi yangu peke yake. Nimekaa mbele za Mtu anayeniita.

Tena sala hii ni ya kwetu kuliko tunavyodhani. Mizizi yake iko Afrika, katika jangwa la Misri, alikoishi mtawa Antoni aliyefariki mwaka 356. Watawa wa huko walisuka mikeka na vikapu huku wakirudia mistari mifupi ya Maandiko. Yohane Kasiano, aliyeishi kati yao, alieleza jinsi walivyoshika mstari mmoja wa Zaburi ya 70 mchana na usiku: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Watu wa nchi kavu, mikono kazini, mstari mmoja moyoni. Mgogo gani hawezi kuelewa hilo? Na ndugu zangu Wakatoliki mnaosali Kanisa Kuu la hapa mjini, Paulo wa Msalaba, mtakatifu ambaye kanisa hilo lina jina lake, alikuwa mhubiri aliyependa sana upweke na kimya, akataka na Wapasionisti, watawa wa shirika lake, wawe hivyo.

Zaburi ya 46 kwa Kiswahili chetu inasema, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Acheni! Ni neno lile lile tunalowaambia watoto wakigombana. Mstari unaotangulia unasimulia vita vinavyokomeshwa na pinde zinazovunjwa. Kwa hiyo kimya hiki kinadai mtu aweke silaha chini kwanza, na ukinyamaza kweli utaona ni nani hujamsamehe. Hapo ndipo wengi tunaponyanyuka na kutafuta simu.

Usiku ule wa Bethlehemu wachungaji walisema waliyoambiwa juu ya Mtoto, na wote waliosikia wakastaajabu. Mariamu, Luka anasema, akayaweka maneno hayo, akiyafikiri moyoni mwake. Alikuwa amejifungua mbali na kwao, amemlaza Mtoto katika hori la ng'ombe, wageni wanaingia. Mama yeyote aliyewahi kujifungua anajua uchovu ule. Na bado alipata nafasi moyoni ya kuweka maneno. Ninamwomba Mungu anipe sehemu ndogo tu ya moyo ule.

Mkesha wetu utakuwa na ngoma na zeze kama kawaida, na nitaimba kwa nguvu zangu zote. Mama amesema mwaka huu ataanzisha yeye ule wimbo wake, na simu yangu itabaki nyumbani. Asubuhi nitakuwa na kigoda changu chini ya mwarobaini, na majina yenu nitayataja polepole, moja moja.

Heri ya Krismasi, ndugu zangu. Mvua ziwafikie, mbegu ziote, na walio safarini wafike salama.