Barua ya malalamiko: mchezo wa mashujaa wa deraya mliouuza kabla haujawa tayari

Wachezaji na mafundi wa kompyuta,
Kampala, Uganda.

Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Kwa Bwana/Bibi Meneja,

YAH: KASORO ZA MCHEZO WA ZAMANI WA MASHUJAA WA DERAYA

Tunawaandikia kuhusu mchezo wa enzi za DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) mnaouuza kwa kupakua, ule wa mashujaa wa deraya wanaozunguka nchi yenye mazimwi na joka wakitafuta jiwe takatifu. Tangazo lenu linasema uko tayari kwa Windows, mteja abofye tu na kucheza. Hauko tayari. Tumeusakinisha kwenye laptopu tano za aina tofauti, na zote zimeonyesha kasoro zilezile. Tulipofungua mafaili yenu tukakiona chanzo: mchezo ni mzima, na DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, mliyoitumia kuuendesha ni nzima. Kilichoharibika ni mipangilio mliyoiandika nyinyi.

Tuanze na kasi, maana hiyo ndiyo inayoua mchezo. Katika dosbox.conf, faili la mipangilio ya DOSBox, mmeandika cycles=max, yaani programu itumie nguvu yote ya kompyuta. Mchezo huu ulitengenezwa kwa mashine za 386, kompyuta za zamani zenye prosesa ya polepole, na mapigano yake hayafuati saa. Kila hatua ya zimwi huhesabiwa kwa kadiri prosesa inavyokimbia. Kwa max, zimwi hurusha rungu mara tatu kabla shujaa hajainua ngao. Tena kasi yenyewe haitulii. Umeme ukikatika, jambo tulilolizoea huku, laptopu huhamia kwenye betri na prosesa hupunguza mwendo. Pambano lililokuwa la kasi ya wazimu ghafla hukokota, na mchezaji hawezi kuzoea lini akinge na lini apige. Andikeni cycles=fixed 7000, yaani kasi isiyobadilika. Mashine ya 386 ya megahezi 33 inakaribiana na 6000 hivi, kwa hiyo 7000 inaacha nafasi kidogo kwa sehemu ya ramani ambayo ni nzito. Anayetaka kurekebisha zaidi atapunguza kwa Ctrl na F11, au ataongeza kwa Ctrl na F12. Hilo nalo lilipaswa kuwa kwenye maelezo yenu, wala halimo.

Sauti imewachanganya wateja wengi, kwa kuwa muziki unasikika vizuri nao hudhani kila kitu kiko sawa. Lakini panga zikigongana, kimya. Muziki hutoka kwa AdLib, kadi ya sauti ya zamani; hupita anwani 388 wala hauhitaji IRQ, yaani namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa. Milio ya panga na ngurumo za joka ni sauti za dijitali za kadi ya Sound Blaster, na hizo zinahitaji IRQ na DMA (njia ya kupeleka data kwenye kadi) zilingane pande zote mbili, kwenye mchezo na kwenye DOSBox. Ndani ya mchezo mmehifadhi IRQ 5, huku dosbox.conf yenu ikibaki na IRQ 7. Fungueni programu ya SETUP ya mchezo, wekeni anwani 220, IRQ 7, DMA 1, kisha hifadhini na mfunge upya kifurushi. Ni kazi ya dakika mbili. Msidhani ni pambo tu: katika mchezo huu mlio wa zimwi akivuta pumzi ndio unaomwambia mchezaji akinge, kwa sababu picha peke yake huchelewa.

Picha nayo imebonyea. Mchezo huchorwa kwa pikseli 320 kwa 200, lakini skrini za wakati ule zilikuwa za uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Nyinyi mmeacha aspect=false, yaani uwiano huo usirekebishwe, na matokeo yake mashujaa wamekuwa wafupi na wanene, na mwezi unaowaongoza safarini umekuwa yai. Wekeni aspect=true pamoja na output=opengl, njia ya kuchora picha kwenye skrini. Kwenye laptopu ya 1366 kwa 768 picha itakaa 1024 kwa 768, na kingo mbili nyeusi pembeni. Kingo hizo ni sahihi, msizijaze.

Kuhusu vitufe: shujaa huenda pande nane, na pande za mshazari husomwa kwenye kibodi ya namba peke yake, yaani 7, 9, 1 na 3. Laptopu nyingi ndogo zinazouzwa hapa hazina kibodi hiyo, na bila mshazari huwezi kurudi nyuma kwa kukwepa rungu. DOSBox ina dawa yake: bonyeza Ctrl na F1 ufungue ukurasa wa kupanga vitufe, chagua kitufe cha 7 cha namba, bonyeza Add, kisha Q, na vivyo hivyo E, Z na C kwa vile vingine. Lakini lazima pia Q iondolewe kazi yake ya zamani kwa Del. Isipoondolewa, mchezo utapokea vyote viwili, na humo Q ni amri ya kuacha safari. Mteja wa kawaida hawezi kuligundua hilo mwenyewe. Fungeni faili la vitufe lililokwisha pangwa pamoja na mchezo.

Jambo ambalo hatuwezi kulirekebisha sisi ni kitabu cha maelekezo. Mchezaji akimaliza eneo la kwanza, mchezo humwuliza neno fulani la ukurasa fulani wa kitabu. Hiyo ilikuwa kinga ya zamani dhidi ya nakala za wizi. Akikosea mara tatu hutupwa nje. Kitabu chenu cha PDF kinatoka ukurasa wa 16 kwenda wa 21. Swali huchaguliwa kwa bahati, kwa hiyo inawezekana mliojaribu nyinyi mliulizwa kurasa zilizopo mkaridhika. Aliyeulizwa ukurasa wa 18 amepoteza saa nzima ya mchezo bila kosa lolote. Tunaomba kurasa 17 hadi 20 zipigwe skani upya na kutumwa kwa kila aliyenunua.

Safari zilizohifadhiwa pia zinapotea, au tuseme zinajificha. Mmesakinisha mchezo ndani ya Program Files, folda ambayo Windows hairuhusu programu ya kawaida kuiandikia, hivyo mafaili huhamishiwa kimyakimya kwenye VirtualStore, folda iliyofichwa ya mtumiaji huyo. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kila anayeingia kwa jina lake hukuta safari imeanza upya. Sakinisheni kwenye folda kama C:\Michezo na tatizo limekwisha.

Mwisho, programu yenu ya kuzindulia. Mchezo mzima ulitoshea kwenye flopi nne, chini ya megabaiti 6. Kizinduzi chenu hupakua megabaiti 600 mara ya kwanza na hukataa kufunguka bila intaneti. Nchini Uganda data hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo kila upakuaji usio na maana ni fedha ya mteja. Toeni kisakinishi kinachojitegemea.

Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Tunaomba toleo lililorekebishwa, pamoja na kurasa za kitabu zinazokosekana, ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Likishindikana, warudishieni wanunuzi fedha zao kwa njia ileile waliyolipia. Tumeambatanisha dosbox.conf na faili la vitufe tulilolipanga. Mna ruhusa yetu kuvitumia bila malipo.

Wenu,
Wachezaji na mafundi, Kampala.