Kaka, wifi hahitaji hotuba

Kaka,

Malalamiko yako nimeyapata kupitia kwa Mama. Eti nilijua wifi anavuta na nikanyamaza. Nilijua. Mama mjamzito akiniambia neno kliniki kwetu, mlango umefungwa, halitoki nje, hata kama mimba ni ya ukoo wetu. Ukitaka kuniita msaliti, niite.

Lakini ile Jumapili kule mtaani Umoja siwezi kuisahau. Uliumwaga mkoba wake mezani katikati ya sahani za pilau, mbele ya wakwe, ukaokota paketi na kumhubiria kuhusu mtoto. Halafu paketi ukaitia mfukoni mwako. Wewe!

Unajua aliyeaibishwa hivyo hufanya nini? Akiulizwa kliniki, husema hajawahi kugusa sigara, na muuguzi anakosa pa kuanzia. Ndiyo maana hatumuulizi mtu "unavuta?" mbele ya mumewe. Tunamweka peke yake, tunampa majibu achague: sijawahi, niliacha nilipojua nina mimba, nimepunguza, navuta kama zamani. Kusema "nimepunguza" ni rahisi kuliko kusema "ndiyo". Kisha tunauliza sigara ya kwanza huivuta muda gani baada ya kuamka. Ikiwa ndani ya nusu saa, uraibu umekolea, na "jikaze tu" yako haitamfikisha popote.

Tena ulimwambia apunguze hadi tatu kwa siku. Kaka, mwili unadai nikotini yake, kile kilevi cha sigara: kila moja ataivuta kwa nguvu na kuishikilia kifuani. Kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyo kwenye moshi, inakalia damu mahali pa oksijeni, mtoto anapungukiwa, anaweza kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, na kondo la nyuma linaweza kubanduka mapema. Akiacha kabisa, hewa hiyo ya sumu humtoka mwilini kwa siku moja au mbili. Hilo ndilo tunalomwambia kwanza, kwa sababu linampa moyo.

Tunapanga naye siku ya kuacha, isizidi wiki mbili mbele. Viberiti na visahani vya majivu vinatoka nyumbani. Hamu ikija haikai, ni dakika chache: anywe maji polepole, atafune karanga, atoke atembee. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu, halafu wiki mbili hadi nne za hasira na usingizi wa mang'amung'amu. Akikufokea, nyamaza. Muuguzi humpigia simu wiki hiyohiyo ya kwanza, maana wengi huteleza hapo, na kuteleza si kuanza upya.

Ikishindikana, kuna plasta au chingamu ya nikotini, lakini kwa ushauri wa kliniki; kwa mjamzito plasta hubanduliwa usiku. Vile vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni, usimletee kabisa. Si dawa.

Sasa wewe. Kibanda cha getini kwenu kinauza sigara moja moja, ingawa sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza, na mteja wake mkubwa unamjua. Mke anayenusa sigara kwenye shati la mumewe hurudia upesi, hasa akishajifungua, na moshi ndani ya nyumba ni hatari kwa kitoto kilicholala. Nakupenda, ndiyo maana nasema hadharani, faraghani hukunisikiliza.

Kliniki ijayo msindikize. Ukae kwenye benchi nje mpaka muuguzi akuite, na akikuuliza unavuta ngapi kwa siku, mjibu.

Dada yako