Barua ya malalamiko kwa wauzaji wa visahani vya rangi: kichezeo kinasema kweli, kijikaratasi kinadanganya

Mwalimu wa Sayansi na Teknolojia,
Shule ya Msingi ya Umma,
Kisumu.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bi Meneja,

MINT: MAELEZO YASIYO YA KWELI NA TAHADHARI ZILIZOKOSEKANA KATIKA SETI YA VISAHANI VYA RANGI

Nawaandikia kulalamika kuhusu seti yenu ya visahani vya rangi vya kuzungushwa, ile ya boksi la manjano lenye mpini wa mota, visahani vya kadibodi na pia (vichezeo vya kuzungushwa juu ya ncha) mbili za plastiki zenye taa. Nilinunua boksi sita katika duka la jumla hapa mjini Kisumu mwanzoni mwa muhula, Sh1,350 kila moja, pesa za mfukoni mwangu. Nimeambatisha nakala ya risiti pamoja na picha.

Visahani vyenyewe havina kasoro kubwa. Vimechapishwa vizuri, kadibodi ni ngumu, na watoto wamevipenda mno. Ninacholalamikia ni maneno mliyoyatia ndani ya boksi, na mengine ambayo mlipaswa kuyatia na hamkuyatia. Kijikaratasi chenu cha maelezo kinafundisha uongo, na pale palipohitaji onyo hapana hata herufi moja.

Nianze na ukurasa wa pili. Mmeandika kwamba kisahani cha buluu na manjano kikizungushwa kwa kasi huwa kijani. Si kweli. Kinakuwa kijivu, na kitakuwa kijivu popote pale kitakapozungushwa.

Msichana mmoja wa Gredi ya 6, ambaye kuzungumza darasani kwake ni kazi, alikizungusha kisahani hicho, akakikodolea macho kwa muda, kisha akaandika "kijivu" kwenye daftari lake. Akafungua kijikaratasi chenu. Akachukua kifutio, akafuta mpaka karatasi ikaanza kuchanika, akaandika "kijani" juu ya alama ile ile. Wenzake wa meza moja wakamfuata. Nilipofika kwao nikauliza wameona rangi gani, wakanijibu kwa pamoja: kijani, mwalimu. Kisahani kilikuwa bado kinazunguka mbele yao, kijivu kama jivu la jikoni.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto aliona sawasawa, akaandika sawasawa, kisha kampuni yenu ikamwambia kwamba macho yake yamekosea. Mimi hushinda nikiwahimiza watoto hawa waamini walichokipima na kukiona, hata kama kitabu kinasema vingine, na kichezeo nilichokinunua kwa ajili ya kazi hiyo kikawafundisha kinyume chake kwa dakika chache.

Nafikiri najua kosa limetoka wapi. Aliyeandika kijikaratasi alikuwa akifikiria rangi za maji. Ukikoroga buluu na manjano ndani ya kifuniko cha chupa utapata kijani, maana kila rangi humeza sehemu ya mwanga, na kinachosalia baada ya zote mbili kumeza ni kijani. Lakini kisahani hakikorogi wino wowote. Kinachofanya ni kulipelekea jicho mwanga wa karatasi ya manjano, kisha wa karatasi ya buluu, kisha wa manjano tena, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuitenganisha, nalo huchukua wastani wa yote. Karatasi ya manjano hurudisha mwanga mwekundu na wa kijani, na ya buluu hurudisha wa buluu. Zikijumlishwa zote tatu hakuna inayozishinda nyingine, na ndiyo sababu tunaona kijivu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1855 mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alilichunguza kwa visahani vya karatasi za rangi. Kila kimoja alikikata mpasuko mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, vipate kuingiliana, naye aweze kuongeza nyekundu au kupunguza kijani atakavyo. Katikati aliweka kisahani kidogo cha nyeusi na nyeupe, ambacho kikizunguka hutoa kijivu, ili alinganishe kijivu na kijivu. Angalieni uaminifu huo: mtu aliyejua rangi kuliko wengi wa wakati wake hakujidai kupata nyeupe. Alipata kijivu, akakipima. Skrini za simu zetu leo zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo ya kujumlisha mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Niliwadondoshea watoto tone dogo la maji juu ya skrini ya simu yangu iliyokuwa imeonyesha ukurasa mweupe, wakaviona vidoa vya rangi tatu kwa macho yao. Mngeweza kuliandika zoezi hilo kwa sentensi mbili.

Nije kwenye lile la pili, lililo kubwa zaidi kwa sababu limeandikwa juu ya boksi kwa herufi nene: kwamba rangi saba hugeuka "nyeupe pepepe". Na pembeni mmechora picha ya Isaac Newton, kana kwamba yeye ndiye shahidi wenu.

Kisahani cha rangi saba hakiwi nyeupe. Kikizunguka kwa kasi ya kutosha ni kijivu, na chenu kina wekundu wa mbali kwa sababu vipande vya nyekundu na machungwa vimezidi ung'avu. Hata mkikitengeneza kwa ustadi wote hakitalingana na karatasi nyeupe iliyo kando yake. Kila kipande cha rangi kinameza sehemu ya mwanga unaokiangukia, kwa hiyo wastani wao hauwezi kufikia karatasi ambayo inarudisha karibu mwanga wote.

Na Newton alilijua hilo. Katika kitabu chake kuhusu mwanga kilichotoka mwaka 1704 anaeleza jinsi alivyochanganya unga wa rangi mbalimbali, akapata rangi ya kijivu. Hakuificha. Aliupaka unga huo sakafuni mahali jua lilipoingia kwa dirisha, akaweka karatasi nyeupe pembeni, ndani ya kivuli, kisha akasimama mbali akavitazama. Vilionekana vyeupe vyote viwili. Rafiki yake alipokuja kumtembelea, Newton alimzuia mlangoni na kumuuliza ipi kati ya nyeupe hizo mbili ni bora, kabla ya kumwambia zimetokana na nini. Rafiki akajibu kwamba zote mbili ni nyeupe nzuri.

Tulilijaribu jambo hilo nje ya darasa saa sita mchana, na jua la Kisumu kila mtu analijua. Kisahani kilizungushwa juani, na karatasi nyeupe nikaibandika kwenye shina la mwarobaini, kivulini. Watoto walisimama upande wa pili wa uwanja. Ubishi uliozuka kuhusu kipi ni cheupe zaidi uliendelea hadi kengele ya chakula. Waliporudi karibu na kuona kwamba kile walichokiita nyeupe ni kijivu kile kile cha asubuhi, walielewa kwamba kijivu ni nyeupe iliyopungukiwa mwanga, na sikulazimika kuwaambia. Kwa nini hamkuandika hivyo? Ukweli ulikuwa bure, na unapendeza kuliko mlichokiandika.

Mota nayo. Boksi linasema "kasi ya ajabu". Hata kwa betri mpya haifiki mizunguko kumi kwa sekunde. Ukingoni mwa kisahani nilichora alama, nikairekodi kwa simu na kuhesabu mizunguko picha kwa picha. Kwa mwendo huo kisahani cha rangi saba hakichanganyiki, kinapepesa tu na kuumiza macho. Kile cha buluu na manjano kilitulia kiasi kwa sababu vipande vyake vimerudiwa mara nne kuzunguka kisahani, na hivyo kila mzunguko mmoja unalipatia jicho marudio manne. Kwa mwanga wa mchana jicho huhitaji marudio yapatayo 50 kwa sekunde, au zaidi, ndipo kupepesa kupotee. Basi rudieni rangi saba mara sita au saba kwenye kisahani kimoja. Hamtahitaji mota nyingine, ni suala la kuchapisha tu.

Sisi tulimaliza tatizo hilo kwa uzi. Watoto wa huku wanajua kuponda kifuniko cha soda, kukitoboa matundu mawili, kupitisha uzi na kukivuta mpaka kivume. Tulifanya hivyo hivyo na visahani vyenu, na mota ikaachwa mbali sana. Nasema hivi pia ili msidharau kitu cha uzi: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitumia ufundi huo huo wa kisahani na uzi kutengeneza mashine ya karatasi ya kutenganisha damu, ikafikia mizunguko 125,000 kwa dakika, na mojawapo ya matumizi waliyoyakusudia ni kusaka vijidudu vya malaria. Kwetu kando ya ziwa malaria ni jambo la kila nyumba, na watoto waliposikia hayo walivuta nyuzi zao kwa heshima nyingine kabisa. Wekeni uzi wa mita moja ndani ya boksi.

Sasa yaliyo mazito zaidi, ambayo hayangojei toleo jipya.

Mojawapo ya visahani ni cha nyeusi na nyeupe, cha aina aliyoitangaza Mwingereza Charles Benham mwishoni mwa karne ya 19, ambacho kikizunguka polepole huonyesha rangi hafifu ingawa hakina rangi hata moja. Ni kitu cha kushangaza na ninafurahi mmekiweka. Lakini kijikaratasi kinataja rangi ambazo mtoto "ataziona", ilhali watu hutofautiana katika wanachokiona hapo, na mpangilio wa rangi hubadilika ukikizungusha upande wa pili. Zaidi ya hayo, kinapepesa. Mwanga unaopepesa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio unaojulikana kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu wenye maradhi hayo, na michoro ya nyeusi na nyeupe inayopishana ni miongoni mwa vichochezi. Darasani mwangu yumo mtoto mwenye kifafa. Nilimketisha mbali na kisahani hicho kwa kuwa nilijua mwenyewe, wala si kwa kuwa boksi lenu liliniambia. Mzazi atakayemnunulia mtoto wake zawadi atajulia wapi?

Na zile pia mbili zenye taa. Ndani yake mna betri bapa ndogo, zile za saa. Kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha. Nimekifungua mimi, na amekifungua mtoto wa Gredi ya 4 aliyekuja kumsubiri dada yake, bila kujikaza. Boksi limeandikwa kwamba seti inafaa kuanzia miaka 3. Betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kooni, umeme wake ukikutana na majimaji ya mwili hutengeneza kemikali kali inayounguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Kanuni za usalama wa vichezeo katika nchi nyingi zinataka kifuniko cha betri za aina hii kifungwe kwa skrubu au kwa njia nyingine ambayo mtoto hawezi kuifungua kirahisi. Skrubu moja ndogo! Nimeziondoa betri zote kutoka kwa pia zote za boksi zangu sita na kuzifungia kabatini, na pia hizo hazitumiki tena.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kwa msingi huo nataka haya: muwaagize wauzaji waziondoe madukani seti zenye pia za taa hadi kifuniko kirekebishwe, muweke onyo kuhusu betri na kuhusu kupepesa kwa mwanga, kwa Kiswahili, juu ya boksi na si ndani, mkirekebishe kijikaratasi mahali pote nilipopataja, na mnirudishie gharama ya zile pia, au mniletee nyingine zenye skrubu. Seti zilizosalia sizirudishi, kwa kuwa tunazitumia.

Nambari ya simu iliyo kwenye boksi hailii, kwa hiyo natuma barua hii kwa posta ya rejista. Nisipopata jibu la maandishi katika siku 21 nitaiwasilisha nakala yake, pamoja na moja ya pia hizo, kwa KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kwa Mamlaka ya Ushindani.

Nimeambatisha pia kurasa mbili za maelezo mapya tuliyoyaandika pamoja na darasa langu. Yana majaribio ya uzi, la tone la maji na la kivulini, na chini ya kisahani cha buluu na manjano tumeacha mstari mtupu ambapo mtoto ataandika rangi anayoiona. Mnaruhusiwa kuyachapisha bila malipo.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu wa Gredi ya 6,
Kisumu.