Mapezi yaliyochanika si ugonjwa siku zote

Ndugu Mhariri,

Mfugaji wa perege hapa Dodoma akiona samaki wamechanika mapezi, hukimbilia chumvi au dawa. Mara nyingi ni mapigano tu, na mzizi wake uko ubongoni.

Ubongo wa samaki hutoa vasotosini, homoni iliyo ndugu na vasopresini ya binadamu. Hugusa ubabe na unyenyekevu, ingawa si kwa namna ileile katika kila aina ya samaki. Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi ubabe na ubongo vinavyoendana tunao wenyewe, Ziwa Tanganyika: dume la Astatotilapia burtoni, samaki mdogo wa jamii ya perege, likipata himaya (eneo lake la kulinda), rangi zake hung'aa ndani ya dakika chache, na baada ya siku kadhaa seli za ubongo zinazochochea uzazi huwa zimenenepa. Likinyang'anywa himaya, seli hizo husinyaa tena.

Hasara hasa iko kwa mnyonge. Kotisoli yake, yaani homoni ya msongo, hubaki juu, hamu ya kula hupotea, hakui hata ukimwaga chakula debe zima.

Kwa hiyo chambueni vifaranga kwa ukubwa kabla ya kupandikiza, kisha mrudie kila baada ya wiki 4 hivi. Bwawa lisilo na kipuliza hewa libebe samaki 3 hadi 5 kwa mita ya mraba. Kiangazi maji yakipungua, vuneni mapema, maana msongamano hupanda bila ninyi kuongeza samaki. Tawanyeni chakula mara 2 au 3 kwa siku. Kikimwagwa kona moja, mbabe huikalia. Na msiingize madume wageni katikati ya msimu: ngazi ya ubabe huvunjika, vita huanza upya.

Wadau wa ufugaji samaki,
Dodoma