Mdogo wangu, usisubiri lengelenge litokeze

Mdogo wangu,

Jumamosi nilikuona ulivyojibanza nyuma ya watu wakati wa kupiga picha, kiganja kimeziba mdomo. Nikajua kidonda cha mdomo kimerudi. Nilitaka nije nikae karibu nawe, lakini ulikuwa unafanya kila njia usionekane, nikakuacha. Sasa naandika, na naandika hadharani bila kukutaja, kwa sababu wenye viganja mdomoni ni wengi na hawaambiani.

Nianze na lile neno lililonong'onwa mezani, kwamba "huyo ana ule ugonjwa". Nami nililisikia, na liliniuma. Kirusi kinacholeta vidonda vyetu kinaitwa herpesi simpleksi aina ya 1. Si VVU, hakigeuki kuwa VVU, wala hakielezi lolote kuhusu tabia ya mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanacho, sawa na asilimia 64 ya watu wa rika hilo duniani. Wengi walikipata utotoni, kwa busu la mtu aliyewapenda. Kwa hiyo hata aliyenong'ona huenda anacho, ila chake kimelala. Wapo wanaoishi nacho hadi uzeeni bila kutokwa na kidonda hata kimoja. Wewe na mimi tumo kwenye kundi la wanaotokwa.

Ndiyo, na mimi. Changu hutokea palepale, upande wa kushoto wa mdomo wa chini, tangu nikiwa darasa la nne. Nilikuficha miaka yote hii na sikupaswa kukuficha.

Tumezoea kusema homa imemtokea mtu mdomoni, na usemi huo una nusu ya ukweli. Ukishaambukizwa, kirusi hupanda kwenye mshipa wa fahamu wa uso na kujificha katika fundo la neva lililo ndani ya fuvu. Humo hakuna dawa ya leo inayoweza kukitoa. Kinakaa kimya mpaka mwili utikisike: homa au mafua, jua kali, uchovu, msongo wa mawazo, hedhi, mdomo ulioumia au kuchubuka. Hapo hushuka kwa njia ileile kiliyopandia, ndiyo maana kidonda hurudi mahali pamoja. Homa basi hukiamsha tu, kwani chenyewe kilikuwamo zamani.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo tunapokosea wote.

Wewe huanza kuhangaika unapoliona lengelenge kwenye kioo. Wakati huo umeshachelewa. Kidonda huanza saa kadhaa kabla, mara nyingine hata siku nzima au zaidi, kwa ile hali unayoijua vizuri na unayoipuuza: mdomo unachonyota, unawasha, unakuwa kama una joto au ganzi sehemu moja ndogo. Saa hizo kirusi kinazaana kwa kasi. Malengelenge yakishajaa maji na kupasuka, kazi kubwa ya kirusi imekwisha na kilichobaki ni ngozi yako kujiponya, gaga likauke na kudondoka, jambo linalochukua siku saba hadi kumi au zaidi kidogo, upake usipake.

Dawa zenyewe zimetengenezwa kwa namna inayodai uwahi. Asiklovia, iliyotoka kwenye maabara ya mwanasayansi Gertrude Elion, ambaye mwaka 1988 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba, huingia mwilini ikiwa imelala. Anayeiamsha ni kirusi chenyewe, kwa kimeng'enya chake, yaani protini inayokifanyia kazi, na ikiamka inakizuia kisijinakili. Huwa nastaajabu nikiifikiria: sumu ambayo adui anajifungulia mwenyewe. Lakini maana yake ni kwamba inafaa pale kirusi kinapozaana. Ukiimeza siku ya nne unaimeza vita vikiwa vimekwisha.

Basi dawa iwe ndani ya nyumba kabla ya kidonda. Usiende kuitafuta mdomo ukishavimba. Mwone daktari ukiwa mzima, mweleze, akuandikie uiweke. Krimu ya asiklovia ya asilimia 5 hupakwa mara tano kwa siku kwa muda wa siku nne au tano, na nikuambie bila kukupamba, hupunguza siku moja hivi tu, pengine pungufu. Vidonge hufanya vizuri zaidi. Vipo vya valasiklovia ambavyo mtu mzima humeza gramu 2 mara tu mdomo unapoanza kuchonyota, kisha gramu 2 nyingine baada ya saa 12, na dozi imeisha. Kipimo chako akupangie daktari. Mwambie kama una tatizo la figo au una ujauzito, na ukimeza kunywa maji ya kutosha.

Dawa ya meno uliyopaka mwaka jana iliunguza ngozi tu, na spiriti vilevile. Antibayotiki hazikigusi kirusi hiki hata kidogo, nawe nakumbuka umemaliza vidonge vya watu bure. Gaga usilibandue, hata likikukera. Paka mafuta mepesi kama vaselini lisipasuke, na ukitaka kupaka kitu chochote, tumia pamba na usitumie kidole. Kidole nacho huambukizwa kupitia mchubuko mdogo.

Kuna swali uliniuliza zamani nikalikwepa: vinaweza kuzuiwa? Vyote, hapana. Vingi, ndiyo. Anza kuandika. Kila kikitokea, andika tarehe na yaliyotokea siku tatu zilizotangulia: ulilala saa ngapi, ulikuwa juani, ulikuwa na mafua, siku zako zilikuwa karibu. Mimi niliandika karibu mwaka mzima, nikagundua changu hufuata jua zaidi ya kitu kingine, jambo ambalo nisingelikisia maana siku zote nililaumu uchovu. Tangu hapo sitoki bila kofia na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya SPF 30, na hupaka tena kila baada ya saa mbili nikiwa nje. Chako huenda kinafuata kitu kingine. Daftari litakuambia.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Kama vinafika sita au zaidi kwa mwaka, au ni vichache lakini vikali, daktari anaweza kukupa dawa ya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa, mara nyingi asiklovia ya miligramu 400 asubuhi na jioni, kisha mtazame pamoja kama bado unaihitaji. Ukienda na tarehe zilizoandikwa, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Na sasa lile zito. Dada yetu anakaribia kujifungua. Ukiwa na kidonda, hata kikiwa na gaga, usimbusu mtoto, wala usimguse uso kabla ya kunawa mikono kwa sabuni. Wiki zake za kwanza mwili wake hauna nguvu ya kupambana, na kirusi ambacho kwako ni kero ya mdomo kinaweza kumfikia ubongo na ini na kumuua. Sikwambii ili ujione najisi. Mbebe, mwimbie, mbadilishe nguo. Busu lisubiri hadi ngozi iwe imefunga kabisa. Nami nitafanya hivyohivyo, na nitamwambia dada amkatalie yeyote mwenye kidonda, hata awe mkubwa wa ukoo.

Hili jingine nalisema kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wako na hakuna mwingine atakayekwambia: kidonda cha mdomo hupita pia kwa mapenzi ya mdomo na kumwambukiza mwenzio sehemu za siri. Kuanzia mchonyoto wa kwanza hadi ngozi ifunge, acheni hayo pamoja na kubusiana. Vikombe, taulo na rangi ya mdomo kila mtu awe na vyake. Kirusi huweza kuwamo kwenye mate hata pasipo kidonda, kwa hiyo usije ukamtuhumu mwenzio eti kakuletea juzi.

Yapo ya kukukimbiza hospitali. Jicho likiuma, likiwa jekundu au mwanga ukikuumiza, nenda siku hiyohiyo, na usiweke matone yoyote ya kununua kwa kubahatisha, kwani yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, yanaweza kuliharibu. Kidonda kikipita wiki mbili bila dalili ya kupona, kikisambaa sana, au kikimpata mtu mwenye pumu ya ngozi, anayetibiwa saratani au ambaye kinga yake imeshuka, asikae nyumbani. Vile vya ndani ya shavu na kwenye ulimi, pamoja na mipasuko ya pembe za mdomo, aghalabu ni mambo mengine kabisa, usivitibu kwa dawa hizi.

Najua wiki ijayo una miadi ya kung'oa jino. Kuvutwavutwa mdomo kwenye kiti kile ni moja ya mambo yanayokiamsha. Piga simu kesho, uwaambie mapema. Kama kipya kimechomoza, wataahirisha kwa usalama wako na wao. Kama hakijachomoza, muulize daktari kuhusu kumeza dawa siku hiyo. Kisha niandikie alichokupangia, miligramu ngapi na mara ngapi, ili nami nijue cha kukukumbusha utakaponipigia simu usiku kuniambia mdomo umeanza kuchonyota. Nipigie hata ikiwa saa nane.

Dada yako