Zuhura, tumtafute huyo mtaalamu pamoja

Zuhura mpenzi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Ujumbe wako nimeupata, ule mrefu ulioandika saa nane za usiku halafu mwishoni ukaomba radhi kwa urefu wake. Usiombe radhi, shoga yangu. Nimeusoma wote mpaka nukta ya mwisho, na wewe unajua kwamba kwa mtu mwenye ADHD, hii hali yetu ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, hiyo ni heshima nisiyompa kila mtu.

Umeniuliza uanzie wapi kutafuta uchunguzi na tiba, maana unahisi nawe unayo. Kwanza niseme kuhusu hiyo orodha ya wataalamu unayoifungua na kuifunga tangu mwezi uliopita. Unajiita mvivu. Hebu itazame kazi yenyewe: upige simu, usubiri kuunganishwa, ujaze fomu, ukumbuke tarehe, ufike kwa saa, kisha urudi tena wiki ijayo. Kila hatua inadai kilekile unachokwenda kukitafutia msaada. Ni kumwambia aliyevunjika mguu kwamba daktari wa mifupa yuko ghorofa ya tano na lifti haifanyi kazi. Basi ngazi hizo usizipande peke yako. Siku ya kujaza fomu, tupigiane simu ya video, wewe ujaze na mimi nikunje nguo zangu. Hatuhitaji hata kuongea. Sijui kwa nini inafanya kazi vizuri hivyo, lakini wengi wetu tunaujua ujanja huu: mtu mwingine akiwapo tu karibu, kazi iliyokataa kuanza inaanza.

Kuhusu uchunguzi, zile video fupi za mtandaoni zinafurahisha lakini zisikupe hukumu. Lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, lina maswali 18, na yale 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Lijaze uende nalo. Haliwezi kukuambia kwamba unayo, ila linakupa pa kuanzia mazungumzo, na daktari naye ataona umejiandaa. Usitarajie kipimo cha damu wala picha ya ubongo. ADHD hutambuliwa kwa maswali mengi na historia yako. Mwongozo wa DSM-5, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha kutambulia hali za akili kilichotoka mwaka 2013, unataka mtu mwenye miaka 17 au zaidi awe na dalili angalau 5 za kukosa umakini, au 5 za kutotulia na kukurupuka, na kadhaa kati yake ziwe zilionekana kabla ya kutimiza miaka 12, tena mahali zaidi ya pamoja, si kazini tu au nyumbani tu.

Kwa sababu hiyo utaulizwa sana habari za utotoni. Tafuta ripoti zako za shule, usome yale maneno ya walimu pembeni. Muulize na mama, lakini usimuulize kama ulikuwa mtundu, maana atakuambia ulikuwa mtoto mpole kuliko wote, na ni kweli. Wasichana wengi wa namna yetu walikaa kimya wakitazama dirishani, na mtoto asiyesumbua darasa nani atampeleka kwa daktari? Muulize kuhusu sweta ulizopoteza, daftari zilizoachwa katikati, na ni mara ngapi alilazimika kukuita kabla hujasikia. Daktari makini atapekua na mengine yanayofanana na ADHD au yanayokuja pamoja nayo: usingizi mbovu, hitilafu ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, wasiwasi, sonona. Akikupa jibu kabla hujakaa vizuri kitini, liwe la ndiyo au la hapana, tafuta mwingine.

Sasa tiba, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mtaalamu wangu wa kwanza alikuwa msikivu ajabu. Nilikuwa natoka kwake nimefarijika, moyo mweupe, na bili zangu zikabaki pale pale juu ya meza. Kuzungumza yaliyopita kuna mahali pake, hasa kwa sisi tuliokua tukiambiwa hatujitahidi, lakini kwa ADHD yenyewe utahitaji mtu anayeshika kalenda. Iliyofanyiwa utafiti zaidi ni tiba ya fikra na tabia iliyorekebishwa kwa ajili ya watu wazima wenye hali hii. Mwaka 2010 kikundi cha Steven Safren huko Marekani kilichapisha matokeo ya watu wazima 86 waliokuwa tayari wanatumia dawa na bado dalili zinawasumbua. Nusu walipata tiba hiyo, nusu wakapata mafunzo ya kutuliza mwili pamoja na elimu kuhusu hali yao. Wa kundi la kwanza walipata nafuu zaidi, na walionufaika waliendelea kuwa na nafuu mwaka mzima baadaye.

Ndani ya kikao hakuna miujiza. Kalenda moja na orodha moja ya kazi, si daftari saba kama tulizonazo. Kazi kubwa inakatwa vipande mpaka kipande cha kwanza kiwe kidogo kiasi cha kuchekesha, kama vile "fungua bahasha". Wazo la pembeni likija katikati ya kazi, unaliandika kwenye karatasi na kurudi ulipokuwa. Halafu kuna yale maneno tunayojiambia, "nitafanya baadaye" na "nimeshaharibu, basi tena", unafundishwa kuyashika yakiwa bado mdomoni. Wiki inayofuata anakuuliza mpango umefikia wapi, na kama umeshindikana mnaufumua mpango, hakufumui wewe.

Kwa hiyo ukimpigia mtaalamu, muulize kama amewahi kuwahudumia watu wazima wenye ADHD, na vikao vyake vinakwendaje. Kisha muulize hili: "Nikisahau zoezi ulilonipa, utafanyaje?" Mmoja alinijibu kwamba hiyo itaonyesha sijawa tayari kubadilika. Nikamshukuru, nikakata simu. Ninayekwenda kwake sasa alicheka, akasema kusahau ndiyo kazi yenyewe tutakayoifanya. Mwombe pia akutumie ujumbe wa kukukumbusha siku moja kabla, na mistari miwili mitatu ya mliyokubaliana baada ya kikao. Si kudekezwa huko. Mwenye miwani haombi radhi kwa kuivaa.

Dawa umesema unaziogopa. Haya. Methilifenideti, dawa ya kuchangamsha ubongo inayotumika sana kwa ADHD, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944, kwa hiyo si kitu cha jana. Huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali za kupitishia ujumbe, zinazopatikana kwenye ubongo, na mtu huanza kuihisi siku hiyo hiyo. Inaweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi, na kupandisha mapigo ya moyo na presha, ndiyo maana daktari hupima kwanza, huuliza magonjwa ya moyo katika familia, kisha huanza na dozi ndogo. Zipo nyingine zisizo za kuchangamsha, kama atomoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Hulazimishwi kutumia yoyote. Ila usimeze kidonge cha mtu, hata changu, hata kama tunapendana vipi.

Vikundi vya kusaidiana navyo vipo, na vingine hukutana mtandaoni. Chama kinachoitwa ADDA huendesha vya watu wazima peke yao. Jaribu, ukiona ni kilio mwanzo mwisho, ondoka. Na hao wanaojiita makocha wa ADHD, baadhi ni wazuri sana, lakini jina hilo mtu yeyote anaweza kujipachika, kwa hiyo muulize amesomea wapi kabla hujafungua pochi.

Bakari anaposema ni kisingizio, usibishane naye usiku mkiwa mmechoka. Mwalike kikao kimoja, amsikie mtaalamu akieleza. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia kiasi cha asilimia 70 hadi 80, hivyo haya mambo hayaletwi na malezi legelege wala uzembe. Shemeji yangu ni mtu wa hoja, atasikia. Asiposikia, bado tiba ni yako.

Jumamosi asubuhi nitakupigia. Uwe na jina moja tu la mtaalamu, lolote lile, tukikosea tutatafuta jingine. Na ukisahau kwamba nitapiga, si kitu, nimeshaweka kengele mbili.

Wako akupendaye,
Mwanaidi

Nimekumbuka baada ya kutia sahihi: wakikuuliza saa ya miadi, usikubali ya kwanza kwa haraka ya kumaliza simu. Chagua saa ambayo hutoki popote kwa kukimbia, na uwaombe wakuandikie, wasikuambie kwa mdomo tu.